Ugomvi wetu ulikuwa na mwezi wake

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu nilirudi kwetu Muheza na begi moja, mtoto mgongoni. Ilikuwa Aprili. Nilifika nimelowa chapachapa, ndala zimejaa tope, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kumweleza mama kwa nini mume wangu simtaki tena. Mama alimpokea mtoto, akanipa khanga kavu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Huko pwani mvua zimeanza lini?"

Nilichukia. Niliona hanisikilizi. Nikamjibu kwamba zina wiki ya tatu, nikaendelea na mashtaka yangu: hazungumzi na mimi, akizungumza anafoka, hela ya kula haionekani, nimemwomba akakope unga dukani kasema namdhalilisha. Mama alinisikiliza mpaka nikachoka. Akasema, "Mwanangu, rudi kwako. Subiri machungwa yaive. Yakiiva na wewe bado unataka kuachika, nitakuja mwenyewe kuvichukua vyombo vyako."

Machungwa ya Muheza huiva kipupwe. Nilirudi shingo upande, nikakaa nikiyahesabu majuma. Mwezi wa saba mama alinitumia tenga moja la machungwa na dereva wa gari la abiria, bila barua wala salamu. Nilipolipokea ndipo nilipokumbuka kwamba kulikuwa na jambo nilikuwa nalisubiri. Mume wangu alikuwa amekaa uani anamchonga mtoto kigari cha mti. Sikuwa na la kumshtaki.

Sasa nina miaka 19 katika ndoa hiyo hiyo. Wanawake wadogo wa hapa kijijini huja kukaa na mimi barazani wakiwa na machozi, na najikuta nauliza swali la mama. Naliandika kwa ajili yao, na kwa yeyote ambaye riziki ya nyumba yake inakwenda na mvua na upepo.

Sisi tunakaa pwani, kati ya Tanga mjini na Pangani. Mume wangu ni mvuvi. Mwaka wa mvuvi si miezi 12 iliyo sawasawa. Kaskazi ikivuma, tangu Desemba mpaka Machi, bahari inatulia, jua ni kali, jodari na nguru wanapatikana, na hela inaingia. Lakini ndiyo miezi anayokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, anaweza kukaa wiki nne au tano Mafia au Kilwa. Kisha upepo unageuka. Masika inaingia Machi, inakaa mpaka Mei, na kusi inaanza kuichafua bahari. Ngalawa zinalala ufukweni. Ng'onda, samaki wetu wa kuanika, haikauki, inaoza na kunuka. Mkaa unapanda bei. Nguo zinakaa kambani siku tatu na bado zina unyevu, na ndani mnakaa watu sita vyumba viwili, mtu hana pa kutokea. Kipupwe kinafuata, Juni mpaka Agosti, baridi nzuri, kusi inavuma kweli kweli, samaki ni wachache. Halafu vuli, Oktoba mpaka Desemba, na mzunguko unaanza upya.

Marehemu baba mkwe aliijua hesabu ya zamani. Alianza kuhesabu siku ya Nairuzi, mwaka wa wazee wa pwani, akauchukua mwaka kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Alikuwa akisema, "Tuko mwongo wa mia na ishirini," hiyo ikiwa hesabu ya siku tangu Nairuzi, na kwa hapo anajua upepo gani uko njiani na samaki gani watasogea. Ni mwaka ule ule wanaouadhimisha kule Makunduchi, Unguja, kila Julai kwa Mwaka Kogwa, watu wanapopigana kwa mabua ya migomba wakamaliza vinyongo vyao, na kibanda kinachomwa moto. Mzee hakuwa na elimu ya darasani, lakini mwaka kwake ulikuwa na sura, na kila sehemu ya sura ile aliijua kwa jina. Kwake nikapata wazo la daftari.

Lilikuwa daftari la shule la binti yetu mkubwa, kurasa za nyuma. Kila tukigombana niliandika tarehe, upepo gani unavuma, ndani kuna nini cha kula, na tumegombania nini. Sikuandika nani alikuwa na makosa. Hilo nilijikataza tangu siku ya kwanza, na nakuomba nawe ujikataze, kwa sababu daftari la makosa ya mume ni silaha, na silaha ikikaa ndani itatumika. Nililiweka chini ya nguo zangu sandukuni, na nilikuja kumwonyesha baada ya miaka miwili.

Tulilisoma pamoja usiku mmoja wa kipupwe. Zaidi ya nusu ya ugomvi wetu ulikuwa kati ya katikati ya Machi na mwisho wa Mei. Fungu la pili lilikuwa siku mbili tatu za kwanza anaporudi kutoka dago. Juni, Julai na Agosti kurasa zilikuwa karibu tupu, miaka yote miwili, ingawa hata miezi hiyo samaki ni wa shida. Halafu tukatazama tulichogombania. Chumvi imezidi. Wifi amekuja bila taarifa. Nimechelewa kisimani. Kapokea simu akatoka nje. Na pembeni ya kila mstari, kwa mwandiko wangu mwenyewe: unga umeisha, bati linavuja upande wa kitanda, mtoto ana homa, hajaenda baharini siku tisa. Mume wangu alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Kumbe mimi na wewe tulikuwa tunapigana na masika."

Hapa lazima niseme jambo moja waziwazi, kwa sababu nimeona maneno kama haya yangu yakitumiwa kuwanyamazisha wanawake. Kupigwa hakuna msimu. Mwanamume anayekupiga Aprili kwa sababu hana hela, hela ikija Januari atakupiga kwa sababu nyingine. Huyo usimsubirie machungwa. Nenda kwa wazee wako, na nenda kituo cha polisi uulize dawati la jinsia na watoto. Ninayoyaandika ni ya watu wawili wanaopendana na wanaochokozwa na dhiki.

Baada ya usiku ule tulianza na bati, kwa kuwa ndilo lililotajwa mara nyingi kuliko kitu chochote. Watu wengi hulikumbuka paa siku ya mvua ya kwanza. Siku hiyo fundi hapatikani, misumari imepanda bei, na huwezi kupanda juu ya bati lenye maji. Sisi tunaliziba Februari. Tunaanza alfajiri kabla bati halijawa moto. Madirisha yote tunayafunga, mimi nakaa ndani gizani, na kila tundu linajionyesha lenyewe kwa mwanga wa jua. Nachukua njiti ya chelewa naichomeka kwenye tundu, yeye akiwa juu anaiona inachomoza, anajua pa kuziba. Yeye haoni ninachokiona na mimi siwezi kufika alipo. Kazi hiyo inatuchukua asubuhi mbili, na nimeona kwamba mwaka tulioifanya wawili huwa na masika nyepesi kuliko mwaka tuliomlipa kijana akaifanya peke yake, hata kama paa halivuji katika miaka yote miwili. Siwezi kueleza sababu yake vizuri zaidi ya hapo.

Kisha hela. Mimi nacheza mchezo na wanawake wenzangu, tuko 12, kila mwezi mmoja anapokea. Zamani nilikuwa nafurahi nikipata zamu ya Januari. Inakuja wakati mume naye ana hela, ada na sare za shule zinalipwa, kinachobaki kinapotea kwenye mapazia na vyombo. Sasa kila mwaka namwomba kijumbe anipe Mei. Wenzangu hawaigombanii sana, wengi wanataka Januari au mwezi wa sikukuu. Hela ya Mei si ya kununua kitu kipya. Ni ya unga, mafuta, mkaa, na dawa ya mtoto, ili mume wangu asiingie ndani jioni na kukuta macho ya watu wote yanamuuliza. Vilevile kaskazi, jua likiwa bado lipo, naanika ng'onda na papa wa kutosha na kuwafungia vizuri. Bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa mkavu umetuvusha masika nyingi.

Jambo la machungwa lilichukua muda zaidi. Nilimwambia mume wangu kwamba kusi ikikaza tulete machungwa kutoka kwa mama tuyauze huku pwani. Alikataa. Alisema yeye ni mvuvi, baba yake mvuvi, watu watasema bahari imemshinda. Sikubishana naye, kwa sababu ilikuwa Mei na daftari nilishalisoma. Nilianza mwenyewe Juni na matenga mawili, nikayauza kwa rejareja kando ya njia. Mwaka wa pili alinisaidia kupakua usiku, asionekane. Mwaka wa tatu alikwenda Muheza mwenyewe kuchagua mashambani, na siku hizi anajua chungwa la kukaa na chungwa la kuuzwa leo leo kuliko mimi. Nawashauri wanawake: mume akiona aibu kwa kazi mpya, usimshawishi kwa maneno. Ianze wewe, iwe ndogo, mwachie mlango wazi.

Kuhusu kurudi kutoka dago, nilikosea miaka mingi. Mwanamume amekaa mwezi mzima na wanaume wenzake kambini, analala mchangani, anaamka kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Mimi mwezi mzima nimeendesha nyumba peke yangu, nimeamua kila kitu. Anapoingia mlangoni, mimi namkabidhi matatizo yote ya mwezi kabla hajanawa miguu, na yeye anaanza kuuliza kwa nini mbuzi kauzwa. Siku hizi tuna makubaliano. Siku ya kwanza ni kuoga, kula na kulala. Siku ya pili ni ya watoto. Hesabu za nyumba na za dago tunazifungua siku ya tatu, tukiwa wawili, mlango umefungwa. Kama kuna jambo haliwezi kungoja namwambia moja tu hilo.

Na kuna kuondoka. Mwaka 2024, mwisho wa Aprili, aliondoka kwenda Kilwa kumalizia kazi na wenzake tukiwa hatujasemezana siku mbili. Hakuaga, na mimi nilisikia mlango nikageukia ukutani. Siku chache baadaye Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza Kimbunga Hidaya, kinakuja pwani yetu upande wa Mafia na kusini. Simu yake haikupatikana siku mbili, mchana na usiku. Nilikaa na redio kifuani. Siwezi kuwaambia nilichomwomba Mungu, lakini kikubwa kilikuwa anirudishie ile asubuhi ya mlango. Alipiga Jumapili kwa simu ya mtu, walikuwa wamevuta vyombo juu mapema na wako salama. Tangu hapo hata kama sijamaliza hasira naamka, namfungia chakula, namwambia nenda salama. Tunaweza kuendelea kugombana akirudi.

Kipupwe sikukiheshimu inavyostahili nilipokuwa mdogo. Nilikiona ni miezi ya njaa. Sasa naona ndiyo miezi ya mambo makubwa: kama tujenge chumba kingine, binti aende shule gani, tumsaidie shemeji au tumwambie hatuna. Hewa ni baridi, watoto wanalala mapema, yeye yuko nyumbani kila usiku, na hela ya machungwa, ingawa ni ndogo, inajulikana. Jambo lolote zito linalozuka Aprili tunaliandika na kulipeleka Julai. Mengi yakifika huko yamekwisha yenyewe. Yaliyobaki ndiyo ya kweli, na hayo tunakaa nayo.

Angalieni na mwezi wa Ramadhani, maana haufuati upepo. Unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2023 tuliuanza mwishoni mwa Machi, tukafunga ndani ya mvua. Mwaka huu 2026 unaingia Februari hii hii, na Idi itatukuta karibu na tarehe 20 Machi, mlangoni mwa masika. Nguo za watoto nimeshazinunua, ili hela ya Idi isije ikaila hela ya mvua.

Mume wangu amerudi kutoka dago juzi, leo ni siku ya tatu na hesabu tumezimaliza jana usiku kwa kuwa hakutaka kungoja. Asubuhi hii tumeanza paa. Kabla sijakaa kuandika nilikuwa nimeshachomeka njiti tisa, sita upande wa kitanda, na bado chumba cha watoto. Namsikia anagonga. Ameniita mara mbili, anataka nirudi ndani nifunge madirisha.