Barua zinaingia, lakini hazitoki

Swali: Mimi ni mhasibu hapa Bukavu. Ofisini Ibanda, Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, inapokea na kutuma bila shida. Nikirudi nyumbani Kadutu na kutumia mega za simu, barua zinaingia, ila nikituma inazunguka mpaka inakataa. Nimebadilisha neno la siri mara mbili. Simu yangu ndiyo mbovu?

Jibu: Hapana mama, simu yako haina kosa, na neno la siri ulilibadilisha bure. Kupokea na kutuma ni njia mbili, kila moja na seva yake (kompyuta inayohudumia barua) na poti yake (mlango wenye namba kwenye seva hiyo). Nakisia ya kutuma, yaani SMTP, fundi wenu aliiweka kwenye poti 25 bila kudai neno la siri. Ofisini inapita kwa sababu seva inautambua mtandao wa ofisi. Ukiwa Kadutu wewe ni mgeni tu. Tena makampuni mengi ya intaneti huwafungia wateja poti 25, maana virusi hujificha kwenye mashini za watu na kumwaga barua taka kupitia humo. Siku hizi poti hiyo ni ya seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe.

Fungua "Paramètres des comptes", ushuke upande wa kushoto mpaka chini kabisa, kwenye "Serveur sortant". Wengi hawafiki huko. Wanahangaika juu, kwenye seva ya kupokea. Weka poti 587, usalama STARTTLS (njia ya kuficha barua zikiwa safarini), uthibitisho "Mot de passe normal", na jina la mtumiaji liwe anwani yako nzima. Mpangilio huo utafanya kazi hata ofisini, usiwe na miwili.

587 ikigoma, jaribu 465, lakini hapo usalama uwe SSL/TLS, njia nyingine ya kuficha. Ukichanganya 465 na STARTTLS, programu na seva zinabaki kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja akingoja mwenzake apige hodi, huku mega zako zikiisha. Kama anwani ni ya Gmail, kwenye uthibitisho chagua OAuth2; Google yenyewe itafungua ukurasa wa kuingia.

Ukijaribu, tuma barua fupi isiyo na kiambatisho, na usimtumie mwenzako wa ofisini. Seva nyingi hupokea barua zinazokwenda kwa watu wao hata kama hazikutambui. Zinachokataa ni kuzipeleka nje. Mtumie mtu mwenye anwani ya kwingine kabisa.