Homa ya nguruwe: ikiwa kirusi huzuia seli kujiua, mbona tezi zimejaa seli zilizojiua?

Swali: Hujambo Daktari? Ninasomea tiba ya mifugo hapa Kabete. Tumefundishwa kwamba kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika huzuia seli isijiue. Lakini nikiweka kipande cha tezi ya limfu chini ya hadubini, naona limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) zilizojikunja, viini vimekatikakatika. Nishike lipi?

Jibu: Sijambo, na umefanya vyema kuamini macho yako. Shika yote mawili, kwa sababu ni seli tofauti.

Kirusi hiki huingia hasa kwenye monositi na makrofeji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Seli iliyovamiwa hujaribu kujiua mapema ili mvamizi asizaliane ndani yake. Protini zake yenyewe, Bax na Bak, hutoboa utando wa nje wa mitokondria, protini ya ndani iitwayo saitokromu c inavuja, na vimeng'enya viitwavyo kaspasi vinaamshana hadi kufikia kaspasi-3, ambayo huibomoa seli. Kirusi chenye DNA ya jozi za besi 170,000 hadi 190,000 kinahitaji muda wa kujinakili, na muda huo kinauiba. Jeni yake A179L hutoa protini inayofanana na Bcl-2 ya mnyama, protini inayozuia seli kujiua. Protini hiyo huwakamata Bax na Bak, pamoja na wajumbe kama Bim na Bid wanaopeleka amri ya kufa, kabla utando haujatobolewa. Jeni nyingine, A224L, huizuia kaspasi-3 yenyewe. Usiipe A224L uzito kupita kiasi, maana watafiti walipoiondoa kwenye aina ya kirusi iliyotoka Malawi, nguruwe waliugua na kufa vilevile.

Makrofeji nayo hufa hatimaye, ila virusi vipya vikiwa vimeshaundwa.

Sasa limfosaiti zako. Hizo haziambukizwi. Makrofeji zilizoambukizwa humwaga saitokaini (protini ambazo seli za kinga hupashana nazo habari), TNF ikiwemo, na limfosaiti jirani hupokea amri ya kufa bila kuwa na A179L ya kuikatiza. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika ugonjwa huu: kinga ya mnyama inateketea katika seli ambazo kirusi hakijawahi kuzigusa. Mfugaji anaona nguruwe aliyekuwa mzima juzi ana homa kali, na ukimpasua, wengu umevimba na kuwa mweusi, tezi zimejaa damu.

Wala mauaji hayo si sharti la kirusi kuishi. R. Eustace Montgomery alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1921, kutokana na nguruwe wa kufugwa wa hapa Kenya, kirusi kilikuwa tayari na makao yake kwa ngiri na papasi. Ngiri hukibeba bila kuonyesha ugonjwa.

Ukitaka kulithibitisha mwenyewe, omba maabara ikupakie rangi mbili kwenye kipande kimoja: kingamwili ya p72, protini ya ganda la kirusi, na kingamwili ya kaspasi-3 iliyoamshwa. Tafuta mahali makrofeji kubwa yenye p72 imezungukwa na limfosaiti zenye kaspasi. Chukua vipande vya mnyama aliyekufa muda mfupi uliopita. Katika joto la mchana mzoga huoza haraka, na seli zilizooza zitakudanganya.