Tui si maziwa, hata rabi anajua

SWALI: Nimenunua boksi dogo la "maziwa ya nazi" hapa Tanga. Ubavuni lina herufi U ndani ya duara, na pembeni yake neno PAREVE. Mwenzangu kazini anasema hiyo ni alama ya Wayahudi: rabi amelibariki, na ndani hamna maziwa. Hamna maziwa vipi na yameandikwa? Na hii "kosher" tuiiteje kwa Kiswahili?

JIBU: Mwenzako kapata moja, kakosa moja. Rabi habariki boksi. U ndani ya duara ni alama ya Orthodox Union, jumuiya ya Wayahudi ya New York, na kazi yao ni ukaguzi: viambato vimetoka wapi, mtambo ulipika nini kabla ya hapo. Kosher lenyewe ni neno la Kiebrania, kasher, yaani -a kufaa: chakula kinachofaa kwa sheria za Kiyahudi. Limepitia Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, ndipo likawafikia wengine. Ukitaka kuliswahilisha andika kosheri, usigombane na mtu. Ila "halali ya Kiyahudi" niondoleeni. Ngamia ni halali kwa Mwislamu na ni marufuku kwa Myahudi. Divai ni kinyume chake.

Pareve ni chakula kisicho na nyama wala maziwa. Torati imekataza kumtokosa mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, na kwa katazo hilo marabi wakatenga nyama na maziwa mpaka sufuria. Cha pareve huliwa na upande wowote. (Ukiona P peke yake karibu na ile U, usidhani ni kifupi cha pareve. Hiyo ni ya Pasaka ya Kiyahudi, yaani chakula kinachofaa kuliwa siku hizo.)

Basi boksi halijasema uongo kwa Kiyidishi. Limesema uongo kwa Kiswahili.

Nani kawaambia nazi inakamuliwa maziwa? Mpishi hukaa juu ya mbuzi, akakuna, akatia maji ya vuguvugu, akakamua kwenye kifumbu. Linalotoka kwanza ni tui zito, wengine husema kasimile. Akirudia maji, ni tui jepesi. Kinachobaki ni chicha, nacho ni cha kuku wa uani. Kila kitu kina jina lake, na katika majina yote hayo maziwa hayamo. Mbuzi mwenyewe ni wa mti, ana meno ya chuma. Hana chuchu wala hana mwana wa kutokoswa. Halafu anakuja mfasiri mmoja na pakiti ya Kiingereza mbele yake, anaona neno la maziwa, anaandika maziwa. Tui zito kaligeuza "krimu ya nazi". Sijui chicha ataiita nini, na naomba asiulizwe.

Wenye sheria hizo za vyakula walilishughulikia jambo hili zamani. Katika karne ya 16, huko Kraków, Poland, Rabi Moses Isserles aliandika kwamba nyama ikipikwa kwa maziwa ya lozi, ziwekwe lozi kando yake, anayetazama asije akadhani ni maziwa ya mnyama. Masikini, angekuwa na neno kama tui angeokoa lozi nyingi. Sisi tunalo, na tunalitupa wenyewe. Kwa mwendo huu tutafika mahali pa kuweka kifuu kando ya kuku wa kupaka ili mgeni aelewe anakula nini.

"Maziwa ya soya" nayavumilia. Soya imetukuta ukubwani, babu zetu hawakuiachia jina, na nimechoka kupigana kila mlango. Lakini mtu wa Tanga, wa Tanga jamani, kuniandikia "maziwa ya nazi" bila hata kuona haya!

Jambo moja ukirudi dukani. Tui la unga, lile la pakiti, mara nyingi hutiwa kaseinati, ambayo ni protini ya maziwa ya ng'ombe, ili lichanganyike vizuri na maji. Hilo si pareve tena; karibu na U utaikuta herufi D, ya vyakula vya maziwa. Pakiti ya namna hiyo waiandike "maziwa ya nazi" wapendavyo. Sitanuna.