Fidla Hupigwa au Huchezwa?

SWALI: Mimi na binamu yangu tulitoka Kisumu kwenda Nairobi kusikiliza okestra. Tukiwa njiani kurudi nikasema yule dada wa mbele amepiga fidla vizuri sana. Binamu akanicheka: fidla si ngoma, haipigwi. Husuguliwa kwa uta, kwa hiyo tuseme “amecheza fidla”. Nani kapatia? Na dada yule tumwite mchezaji?

JIBU: Umepatia wewe. Binamu yako kautazama mkono wa yule dada, akasahau kuisikiliza lugha. Kupiga si kugonga tu. Tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, wala hakuna anayeumizwa. Gitaa, kinanda, udi na fidla vyote hupigwa, iwe kwa vidole au kwa uta. Wapenzi wa taarab wana fidla zao miaka na miaka, na huzipiga. Na hapo kwenu, orutu yenye uzi mmoja husuguliwa kwa uta vilevile. Muulize binamu kama huwa “anaicheza”.

Kucheza muziki ni kuutikisia mwili. Nendeni Kakamega mkaone isukuti, kwa maana jina hilo ni la ngoma zenyewe na pia la mchezo wake. Anayepiga isukuti ana ngoma mikononi. Anayecheza isukuti mabega yanaruka na vumbi linatimka. Kitenzi ndicho kinachowatenganisha. Sasa mtu akiniambia “okestra ilicheza Simfoni ya Tano ya Beethoven”, mimi nawaona mabwana wa koti jeusi wameacha viti na kuingia uwanjani!

Najua “kucheza piano” inasikika sana siku hizi. Imetoka kwa Kiingereza, ambacho hutumia kitenzi kimoja kwa mpira na kwa muziki. Sisi tunavyo viwili, basi tuvitumie.

Ala za pumzi zina nafasi zaidi: tarumbeta, filimbi na zumari unaweza kusema zinapigwa au zinapulizwa, yote sawa. Hata obo, ile inayotoa sauti ambayo wenzake hulinganishia ala zao kabla ya kuanza, ni ndugu wa zumari yetu ya Pwani. Zote mbili hupulizwa kupitia vipande viwili vya tete vilivyobanwa pamoja.

Dada yule ni mpiga fidla. Wakiwa wengi, wapiga fidla, kama tusemavyo mpiga ngoma na mpiga picha. Ukipenda “mpigaji”, weka “wa” katikati: mpigaji wa fidla. Mchezaji mwachieni Gor Mahia. Na yule aliyesimama mbele na kijiti, akiwapeni mgongo ninyi wasikilizaji muda wote, hapigi wala hachezi, hata akirukaruka vipi: anaongoza okestra, naye ni kiongozi wake.