Kabla ya kuamini cheti cha maabara, uliza kimepima nini

Kazi yangu ni kuwashauri wafugaji kuhusu chakula cha mifugo, na lalamiko ninalolisikia mara kwa mara ni hili: "Tumepima, sumukuvu iko chini ya kiwango, mbona nguruwe hawali?" Mara nyingi cheti kiko sawa kabisa. Swali ni maabara ilitafuta nini.

Ngano au mahindi yakivamiwa na kuvu wa Fusarium, mmea hujikinga. Huishika sumu ya kuvu huyo, kwa mfano deoksinivalenoli, huibandika glukosi, kisha huihifadhi ndani ya seli mahali ambapo haitaudhuru. Kipimo kinachotafuta deoksinivalenoli peke yake kinaweza kuipita bila kuiona. Mnyama akishaila, bakteria wa utumbo huweza kuibandua ile glukosi, na sumu ikarudi kuwa huru.

Kinachofuata kinategemea ni mnyama gani, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapopotosha watu. Kwa nguruwe, glukosi hubanduliwa utumboni. Ufyonzaji ni wa polepole na kiasi kinachoingia ni kidogo, karibu nusu ya kile ambacho kingeingia kama sumu ingeliwa ikiwa huru, lakini kinachofika kwenye damu ni deoksinivalenoli yenyewe. Kuku wa nyama hawaibandui glukosi hiyo kwa kiasi cha maana. Tena hata sumu iliyo huru wanaifyonza kidogo, na miili yao huigeuza upesi kuwa salfeti isiyo kali. Ng'ombe ana bahati nyingine: vijidudu vya tumbo lake la kwanza huivunja sehemu ya epoksi, ambayo ndiyo chanzo cha ukali wake, kabla haijafika utumbo mwembamba. Nguruwe naye anaweza kuwa na vijidudu vya namna hiyo, ila makao yao ni utumbo mpana, na huko sumu inafika wakati sehemu kubwa imeshafyonzwa.

Tumbo la kwanza la ng'ombe lisikufanye ulale usingizi, lakini. Aflatoksini B1, sumu ya kuvu wengine, hupenya, ini huigeuza kuwa aflatoksini M1, na ndani ya siku moja iko kwenye maziwa.

Zearalenoni, sumu nyingine ya Fusarium, ndiyo inayonisumbua zaidi. Nayo hufungwa na glukosi kwenye mmea na kufunguliwa tumboni mwa nguruwe. Ini la nguruwe huigeuza kwa wingi kuwa alfa-zearalenoli, yenye nguvu ya kuiga homoni ya kike kuliko sumu iliyoliwa. Utaona nguruwe jike wachanga, hata wasiofikia umri wa joto, uke umevimba na kuwa mwekundu, chuchu zimejaa. Ini hujaribu kuitoa kwa kuiunganisha na asidi ya glukuroniki na kuimwaga kupitia nyongo, lakini bakteria wa utumbo huifungua tena, ikafyonzwa upya. Kwa hiyo ukibadilisha chakula leo, usitegemee dalili zitoweke kesho.

Ushauri wangu kwa mwenye nguruwe: iambie maabara ipime deoksinivalenoli pamoja na maumbo yake mawili ya asetili (yaliyobandikwa kipande kidogo cha kemikali) na lile la glukosi, kisha ujumlishe. Maumbo ya asetili usiyapuuze hata kidogo, maana kwa nguruwe hugeuka kuwa deoksinivalenoli kabla ya kufika kwenye damu. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliyaweka yote manne kwenye kapu moja ilipotathmini hatari yake, na nadhani ilifanya sawasawa.

Udongo wa kunasa sumu unafaa kwa aflatoksini; kwa deoksinivalenoli hausaidii sana, hata muuzaji akiapa. Nafaka yenye shaka usiwape nguruwe, hasa majike wa kuzalisha. Na kila shehena ikiingia, chota sampuli sehemu mbalimbali za gunia na magunia tofauti, changanya, weka mahali pakavu na penye ubaridi hadi wanyama waimalize shehena hiyo. Dalili zikijitokeza baadaye, utakuwa na cha kupeleka maabara.