Licence au license?

Ndugu, umeuliza uandike lipi katika barua ya kuomba leseni ya kuuza samaki hapa Kisumu, licence au license. Kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho tunachofundishwa shuleni, licence ni nomino na license ni kitenzi. Basi wewe unaomba licence, ilhali muuzaji aliyekwisha kuruhusiwa huitwa licensed, kwa kuwa neno hilo limetokana na kitenzi. Matamshi hayatakusaidia, kwani yote mawili husikika sawa. Afadhali ukumbuke advice (ushauri) na advise (kushauri), ambapo kitenzi kina sauti ya z na huandikwa kwa s, kama license. Wamarekani huandika license kotekote, kwa hiyo usishangae kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza chao ikikupigia mstari mwekundu bure.