Kuapa kuwa mwaminifu kwa nchi isiyo na dini

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni binti, karani mpya katika ofisi ya serikali, Mtumba, Dodoma. Kwenye darsa tumeambiwa kuwa aliyeapa kuilinda Katiba isiyo na dini ametoka katika Uislamu na mshahara wake ni haramu. Wadogo zangu wawili wanasoma kwa mshahara huo. Niache kazi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Usiache kazi, binti yangu. Uislamu wako uko palepale, na ujira wa kazi ya halali ni halali. Wadogo zako waendelee na masomo.

Aliyekutisha ameikamata Ibara ya 3 ya Katiba, inayosema Jamhuri ya Muungano haina dini, akaiacha Ibara ya 19, inayosema kuabudu na kutangaza dini ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya mamlaka ya nchi. Dola haina kibla. Wewe unacho, na haikuombi ukiache. Mbunge Mwislamu huapa hapahapa Dodoma akiwa ameshika Msahafu. Anaapa kumkana nani?

Najua atasoma Al-Maida aya ya 44, kuwa asiyehukumu kwa aliyoyateremsha Allah ni kafiri. Ibn Abbas, sahaba na binamu wa Mtume, aliyeijua Qur'ani kuliko sisi sote, alisema hiyo si kufuru ya kumtoa mtu katika dini. Makhawarij, kundi lililojitenga na Khalifa wa nne, Sayyidna Ali, ndio waliopiga kelele "hapana hukumu ila ya Allah" wakamkufurisha, naye akawajibu: neno la haki, lililokusudiwa batili. Kumkufurisha Mwislamu ni jambo zito. Halitupwi darsani kama maganda ya karanga.

Tena Nabii Yusuf mwenyewe aliomba asimamie hazina za Misri chini ya mfalme asiye wa dini yake. Na aya ya 76 ya Sura Yusuf inaonyesha kuwa sheria ya mfalme ndiyo iliyokuwa ikitumika pale. Je, naye alitoka katika dini?

Lipo ninalokuhofia zaidi ya kiapo. Siku moja faili la mtu wa msikitini kwenu litakuwa chini ya rundo, naye atakuita "dada yangu katika imani" ili ulipandishe juu. Usilipandishe. Aliyefika saa mbili asubuhi, awe Mkristo au asiye na dini yoyote, ana haki mbele ya aliyefika saa nne. Bahasha ya "asante" nayo irudishe hapohapo, mbele ya mwenzako, isije ikalala kwenye droo. Hapo ndipo mshahara unapoingia uharamu.

Kuhusu swala: Dodoma Adhuhuri huingia kati ya saa 6:20 na 6:55 mchana kulingana na msimu, na wakati wake unafika hadi Alasiri, yaani muda wa karibu saa tatu nzima. Kwa hiyo usimwache mwananchi dirishani. Mhudumie, kisha swali wakati wa mapumziko. Rakaa nne hazizidi dakika kumi. Maji yakikatika, Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita, basi chupa yako ya maji ya kunywa inatosha. Alasiri huingia karibu na saa 9:30 mnapofunga ofisi, au baada yake, basi utaiswali nyumbani.

Na huyo wa darsa usigombane naye. Mwombe tu akusomee Ibara ya 19.